Malipo Yamepita, Oda Haijalipwa: Tuchague Zana Gani ya Kusaka Hitilafu?

SWALI: Hujambo mwalimu. Tuko wasanidi programu watatu hapa Nakuru. Tumejenga programu ya wavuti ambayo wakulima wanaagizia mbegu na mbolea kutoka duka la pembejeo, wanalipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Tunatumia Laravel (kiunzi cha PHP, upande wa seva) na Vue (cha JavaScript, upande wa kivinjari), na seva ni moja tu ya kukodi, RAM yake GB 2. Kila wiki wateja kadhaa hutupigia: pesa imekatwa, oda inaonyesha haijalipwa. Kwenye kompyuta zetu hitilafu hiyo haitokei kamwe. Mpaka sasa tunategemea dd() na console.log, amri za kuchapisha thamani ili tuzione. Mwenye duka amekubali kutoa pesa kidogo za kununua zana. Mwenzangu mmoja anataka Xdebug, ya kusimamisha msimbo wa PHP na kuuchungulia; mwingine anataka tusimike Elasticsearch na Kibana, za kutafuta ndani ya logi; mimi naona Sentry, inayokusanya makosa ya programu. Tuchague ipi?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kwa shida hii ya malipo, hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayowapa jibu peke yake. Jibu litatoka kwenye mistari ya logi, yaani kumbukumbu ya matukio, ambayo programu yenu bado haijaanza kuandika. Mkishaiandika, Sentry au nyingine ya aina yake itawafaa sana. Xdebug isimikeni leo kwenye kompyuta zenu, maana ni ya bure. Elasticsearch iacheni kwa sasa. Nitaeleza sababu, kwa kuwa mwenye duka ana haki ya kujua pesa yake inanunua nini, na kwa kuwa kila mmoja wenu amependekeza zana nzuri kwa kazi ambayo siyo hii.

Kwanza tazameni malipo yenyewe yanavyosafiri. Mkulima anabonyeza «Lipa». Seva yenu inatuma ombi Daraja, na Daraja inajibu papo hapo kwa ResponseCode 0 pamoja na kitambulisho kiitwacho CheckoutRequestID. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Hakuna aliyelipa bado. Kisha simu ya mkulima inaonyesha dirisha la kuweka PIN, na baada ya hapo mrejesho unaletwa kwenye anwani yenu ukiwa na ResultCode. Hapo ndipo sifuri inamaanisha pesa imeingia, na mrejesho huo huja na MpesaReceiptNumber, ile namba ya risiti ambayo mteja anaiona kwenye SMS yake. Namba 1032 ina maana mteja ameghairi, 1 ni salio halitoshi, 1037 ni simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu. Mrejesho ukishafika, kama mmejenga vizuri, kazi inaingia kwenye foleni, inasomwa na mchakato mwingine, ndipo hifadhidata inabadilishwa.

Kwa hiyo ununuzi mmoja unapita kwenye kivinjari, kwenye ombi la kwanza, kwenye mrejesho unaoingia kwa mlango mwingine kabisa, na kwenye mchakato wa foleni. dd() huona sehemu moja tu kati ya hizo, tena kwa kuisimamisha. Mkiisahau kwenye anwani ya kupokea mrejesho, msimbo unakufa pale pale na malipo hayaandikwi. Itafuteni kwenye msimbo wote kabla hamjafanya jambo lingine.

Dibaga nayo, yaani zana ya aina ya Xdebug, hata iliyo bora, inataka uwepo pale tukio linapotokea. Ninyi mnaijua hitilafu baada ya mkulima kupiga simu, pengine saa nzima imepita. Isitoshe, Xdebug ikisimamisha msimbo kwenye mstari fulani ili uchungulie thamani za vigeu, muda nao unavurugika: maombi mawili yaliyokuwa yanagongana hayagongani tena. Hitilafu ya kugongana ikitazamwa kwa dibaga hujificha. Ndiyo maana nasema anzeni na logi.

Andikeni nini? Si kila kitu. Andikeni matukio ya malipo, machache, kila moja mstari mmoja, na kila mstari ubebe namba ya oda na CheckoutRequestID. Malipo yameombwa. Mrejesho umefika. Oda imepatikana au haikupatikana. Oda imewekwa alama ya kulipwa. Basi. Laravel inatumia maktaba ya Monolog ya kuandika logi ndani yake, na Monolog ina JsonFormatter tayari, kwa hiyo mnaweza kuandika kila mstari kama JSON, muundo wa data unaosomeka na programu kwa urahisi, bila kununua chochote. Kama mko kwenye Laravel 11 au zaidi, kuna kifaa kiitwacho Context: ukiongeza namba ya oda mwanzoni mwa ombi, itaandikwa kwenye kila mstari wa logi unaofuata, na itaifuata kazi mpaka kwenye foleni. Kabla ya hapo watu walilazimika kuibeba namba hiyo kwa mkono kutoka hatua hadi hatua, na mara nyingi iliangukia njiani.

Huu hapa ni mfano niliouandika mwenyewe wa mistari mnayoweza kuikuta, nimeufupisha ili usomeke (Z mwishoni mwa saa ni UTC, saa ya kimataifa):

17:02:11Z tukio=malipo.yameombwa oda=4127 checkout=…A91
17:02:19Z tukio=malipo.yameombwa oda=4127 checkout=…C40
17:02:21Z tukio=mrejesho.umefika checkout=…C40 ResultCode=1001
17:02:36Z tukio=mrejesho.umefika checkout=…A91 ResultCode=0
17:02:36Z tukio=oda.haikupatikana checkout=…A91

Isomeni polepole. Mkulima alibonyeza «Lipa», akaona kimya, akabonyeza tena baada ya sekunde nane. Programu ikatuma ombi la pili, na kama jedwali la oda lina safu moja tu ya CheckoutRequestID, kitambulisho cha pili kilifuta cha kwanza. Ombi la pili likarudi na 1001, yaani mteja huyu ana muamala mwingine unaoendelea. Mkulima akaweka PIN kwenye dirisha la kwanza, pesa ikakatwa, mrejesho wenye sifuri ukaja na kitambulisho ambacho hakimo tena kwenye jedwali. Msimbo ukatafuta oda, haukuiona, ukarudi kimya. Pesa imeingia, oda haijalipwa.

Sijauona msimbo wenu, na sababu yenu inaweza kuwa nyingine. Lakini nimewahi kukutana na mpangilio huu kiasi kwamba ningeuchunguza kabla ya mwingine wowote. Ukithibitika, dawa ni jedwali tofauti la majaribio ya malipo, ambapo kila ombi lina mstari wake na CheckoutRequestID yake, na safu ya MpesaReceiptNumber imefungwa isijirudie, ili mrejesho ukija mara mbili usihesabiwe mara mbili.

Na hapa ndipo namjibu aliyependekeza Sentry. Sentry hunasa makosa yaliyorushwa na programu. Katika mfano huu hakuna kosa lililorushwa hata moja. Oda haikupatikana, msimbo ukasema sawa, ukaendelea na safari. Ungeifungua Sentry asubuhi ukakuta ukurasa mweupe, ukaamini mambo ni shwari huku wakulima wanalia. Zana ya kukusanya makosa inafanya kazi pale tu ambapo msimbo unakubali kulalamika. Mrejesho wenye malipo halisi usipoona oda yake, hilo ni kosa, liandikwe kwa ngazi ya error, na Sentry ipewe taarifa.

Ngazi zenyewe zinahitaji nidhamu. Kanuni ya syslog, utaratibu wa kuandika logi za mifumo, RFC 5424 ya mwaka 2009, ina ngazi nane kuanzia emergency hadi debug, na PHP inazifuata hizo hizo kupitia PSR-3, kanuni yake ya logi. Timu ya watu watatu haihitaji zote nane. Ningewapa kanuni moja: error ni jambo ambalo lazima mmoja wenu ainuke akalishughulikie. Mteja aliyeghairi, namba 1032, si error. Ni habari ya kawaida, iwekwe info. Mkiichanganya na makosa, baada ya wiki mbili hakuna atakayefungua barua pepe za tahadhari, na siku ya shida ya kweli zitakuwa zimezikwa humo.

Je, kama mrejesho hauonekani kabisa kwenye logi ya programu? Nendeni kwenye access.log ya Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti kwanza. Ombi la POST likiwa lipo pale na namba 200, lakini programu haikuandika kitu, basi msimbo wenu unarudi kabla ya kuandika. Likiwa na 502, PHP-FPM, ile inayoendesha msimbo wa PHP, haikuweza kujibu, na kwenye seva ya GB 2 angalieni kama kiini cha Linux kiliua mchakato kwa kukosa RAM. Amri ya journalctl -k itawaonyesha. Likiwa na 419, anwani ya mrejesho mmeiweka kwenye njia za kawaida za wavuti na Laravel inadai tokeni ya CSRF, ile inayothibitisha kuwa ombi limetoka kwenye kurasa zenu, ingawa hapo malipo yote yangekwama, si machache. Na kama Nginx nayo haikuona chochote, mrejesho haukufika mlangoni. Mitandao hukatika, hilo halina mjadala, kwa hiyo wekeni kazi ya ratiba inayochukua kila jaribio lililokaa dakika chache bila jibu na kuliuliza Daraja kwa ombi la kuulizia hali ya STK Push, yaani lile dirisha la PIN lililotumwa kwenye simu. Mfumo wa malipo usitegemee njia moja ya habari.

Jambo moja zaidi kuhusu mrejesho: ukifika, kabla ya kufanya lolote, uhifadhini mzima kama ulivyo kwenye jedwali lake, jibuni 200, kazi nyingine ifanyike kwenye foleni. Faida yake mtaiona mtakapofika kwenye Xdebug.

Kuna jambo la saa ambalo vitabu vya kigeni haviligusi. Laravel ikiwa haijabadilishwa huandika muda kwa UTC, na seva nyingi za kukodi pia huja zimewekwa UTC. Mkulima anawaambia alilipa jana saa mbili usiku. Ukitafuta 20:00 kwenye logi hupati kitu. Ukitafuta 02:00 ndiyo umepotea kabisa. Hesabu ni hii: chukua saa aliyoitaja, ongeza tatu, na kama ilikuwa ya usiku au alfajiri ongeza kumi na mbili tena; ikifika 24 au kupita, toa 24. Saa tatu asubuhi ni 06:00 UTC. Saa mbili usiku ni 17:00. Saa saba usiku inaangukia 22:00, tarehe ya nyuma. Msibadilishe seva iandike saa ya Afrika Mashariki ili kukwepa hesabu hii. Acheni UTC kila mahali, kwenye hifadhidata, Nginx na programu, ili mistari ya logi mbalimbali ipangike kwa mfuatano mmoja. Anayepokea simu za wateja abandike kanuni hiyo mezani. Na amuulize mteja namba ya risiti ya M-Pesa, kwa sababu hiyo haina saa mbili tofauti.

Sasa kivinjari. Mnasema kwenu haitokei. Nadhani najua kwa nini: ofisini mna intaneti ya kasi, dirisha la PIN linatokea kabla kidole hakijarudi kwenye kitufe. Fungueni Chrome DevTools, sehemu ya Network, punguzeni kasi mpaka 3G, washeni Preserve log ili maombi yasifutwe ukurasa ukibadilika, kisha bonyezeni «Lipa» mara mbili kama mtu asiyeona dalili yoyote. Mkiona maombi mawili yametoka, nusu ya kazi imekwisha. Bora zaidi, chukueni simu ya Android ya bei nafuu kama wanazotumia wakulima wenu, iunganisheni kwa USB na mfungue chrome://inspect kwenye kompyuta. Mtaona kila ombi na kila kosa la JavaScript linalotokea ndani ya simu ile. Zana hii haina gharama na kwa hitilafu yenu ina thamani kuliko yoyote mliyoitaja. Kitufe kifungwe kikishabonyezwa, na kionyeshe maandishi ya wazi: «Angalia simu yako uweke PIN.» Lakini seva nayo ikatae ombi la pili la oda ile ile wakati la kwanza linasubiri, maana kufunga kitufe peke yake hakumzuii mtu aliyefungua ukurasa upya.

Xdebug ina nafasi yake baada ya hapo. Logi ikishawaonyesha mrejesho fulani uliokwama, uchukueni ule mwili mliouhifadhi, yaani maudhui yote ya mrejesho, mbadilishe namba ya simu, muutume kwa curl, amri ya kutuma maombi ya wavuti, kwenye programu iliyoko kwenye kompyuta yako, na Xdebug ikiwa imewashwa mtembee mstari kwa mstari muone unapopotelea. Hapo dibaga ina nguvu ambayo dd() haiwezi kuifikia. Angalizo: toleo la 3 lilitoka mwaka 2020 na likahamisha lango la kawaida la mtandao (port) ambalo Xdebug huwasiliana nalo na kihariri kutoka 9000 hadi 9003. Mafunzo mengi ya zamani bado yanataja 9000, na watu hupoteza siku nzima wakidhani kihariri chao kimeharibika. Wekeni xdebug.mode=debug na xdebug.start_with_request=trigger, ili isipunguze kasi ya kila ukurasa. Isiwekwe kwenye seva ya wateja. Laravel Telescope, zana ya kutazama yanayotendeka ndani ya Laravel, pia ibaki kwenye kompyuta zenu. Ni nzuri mno kwa kuona maswali ya hifadhidata na kazi za foleni, lakini inahifadhi karibu kila kitu, na seva yenu ni ndogo.

Kwenye Elasticsearch sitakaa sana. Ni injini ya utafutaji inayoendeshwa kwa Java na inapenda RAM. Kwenye mashine ya GB 2 ambayo tayari ina MySQL, PHP na foleni, mtaongeza hitilafu mpya juu ya ile ya zamani. Inafaa pale logi zinapotoka kwenye seva nyingi na watu wengi wanazitafuta kwa wakati mmoja. Siku mtakapofika kwenye seva tatu au nne, tazameni kwanza Grafana Loki, mfumo wa kukusanya logi ambao huweka faharasa ya lebo tu badala ya kila neno, kwa hiyo ni mwepesi. Kwa seva moja, grep na jq, amri za kutafuta maneno na kusoma JSON, zinatosha kabisa, na mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo anaweza kuzijua kwa alasiri moja. Tumieni aina ya logi ya daily kwenye Laravel. Huanza faili jipya kila siku na kwa kawaida huhifadhi za siku 14. Kwa kesi za malipo ningeongeza zifike 30. Msiache faili moja la laravel.log linalokua bila mwisho: diski ikijaa, MySQL nayo inashindwa kuandika, na hapo hata malipo mazuri yanapotea.

Lakini siku nyingi za logi ni mzigo wa siri za watu. Mrejesho wa M-Pesa unaweza kubeba namba ya simu ya mteja, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwenye faili za logi fichani tarakimu za katikati. Ule mwili kamili ukae kwenye hifadhidata ambapo mnadhibiti nani anausoma, na ufutwe muda ukipita. Funguo za Daraja na kichwa cha Authorization, kinachobeba tokeni ya kuingilia, visiandikwe popote. Mwezi Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, milioni 330 wakati huo, wafikirie kubadilisha nywila kwa sababu nywila zilikuwa zikiandikwa wazi kwenye logi ya ndani kabla ya kufichwa. Ile ni kampuni yenye wahandisi wengi, na bado mstari mmoja wa logi uliwapita.

Angalieni pia APP_DEBUG, mpangilio wa Laravel wa hali ya kusaka hitilafu, kwenye seva iwe false. Ikiwa true, ukurasa wa kosa unamwonyesha mtu yeyote matumbo ya programu yenu. Mwaka 2021 kulikuwa na udhaifu wa CVE-2021-3129 kwenye Ignition, ile maktaba ya Laravel ya kupamba kurasa za makosa: seva iliyoachwa na hali ya debug ingeweza kuendeshwa na mshambulizi kutoka mbali. Udhaifu huo ulikuwa ndani ya zana ya kusaka hitilafu yenyewe. Zana hizi nazo zinasasishwa kama maktaba nyingine zote.

Kuhusu pesa ya mwenye duka. Sentry ya kusimika mwenyewe inahitaji mashine ya RAM ya GB 16, hiyo haiwahusu. Anzeni na mpango wao wa bure wa mtandaoni, muone kama unawatosha. Wakitoza, wanatoza kwa wingi wa matukio na kwa dola, kwa hiyo zile info za kughairi zikiingia humo mnalipia takataka. Mbadala ni GlitchTip, ya chanzo huria, ambayo inapokea taarifa kutoka maktaba zile zile za Sentry na inaendeshwa kwenye mashine ndogo. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kubadilisha DSN, anwani ambayo programu inatumia taarifa za makosa. Iwekeni kwenye mashine nyingine, si ile ile ya duka, maana mlinzi asianguke pamoja na nyumba. Upande wa Vue, pakieni pia faili za ramani za msimbo (source maps), zinazounganisha faili lililobanwa na msimbo mlioandika, la sivyo kila kosa la kivinjari litaonyesha mstari wa 1 wa faili lililobanwa, ambalo halimsaidii mtu. Pesa itakayobaki, mimi ningeiongezea RAM ya seva ifike GB 4 kabla ya kununua leseni yoyote.

Yote hayo yafuate baada ya kazi moja ya leo. Pakueni taarifa ya miamala ya M-Pesa ya duka kwa miezi ambayo programu imekuwa hewani, mlinganishe namba za risiti na oda zenu. Kila risiti isiyo na oda iliyolipwa ni mkulima aliyekatwa pesa. Wengine walipiga simu; wengine hawakupiga, na msimu wa kupanda hausubiri. Wapigieni ninyi, muwapelekee mbegu zao au muwarudishie pesa, kisha ndipo mfungue kihariri muongeze mstari wa kwanza wa logi.